Sauti ya kwanza wameimbia stoo

Mwalimu wa kwaya alivua hedifoni, akaziweka mezani polepole kama mtu anayeweka mayai, halafu akaniuliza:

"Kijana wangu, hawa wa sauti ya kwanza wameimbia stoo?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Na besi nao wako sebuleni. Nasikia kabisa. Huku stoo, huku sebule, katikati ukuta. Watu wangu wamesimama pamoja miaka yote, wewe umewatenganisha kwa siku tatu."

Kwa kweli ndivyo ilivyokuwa, hata bila rivebu, yaani ule mwangwi wa jengo tunaouongeza kwa kompyuta. Studio yangu ni chumba kimoja hapa Majengo, Moshi. Ukutani nimesimamisha magodoro manne, chini nimetandika zulia, dirishani kuna pazia zito nililorithi kwa shangazi. Kwaya ya watu 24 haiingii humo hata wakibebana. Kwa hiyo niliwarekodi kwa zamu, sita sita: sauti ya kwanza Alhamisi jioni, ya pili na ya tatu Ijumaa, besi Jumamosi asubuhi baada ya kuwasubiri mpaka nikachoka. Kwenye kumiksi nikawapanga kama wanavyosimama kanisani: sauti ya kwanza kushoto kabisa, besi kulia kabisa, wengine katikati. Sauti iliyorekodiwa kati ya magodoro huwa kavu kama ugali uliolala. Haina jengo. Nikaitafutia jengo kwenye rivebu ya konvolusheni, nikachagua kanisa kubwa la Ulaya lililopatikana bure mtandaoni, nikabonyeza, nikampigia mwalimu simu aje.

Niliporudia kusikiliza baada ya yeye kuondoka, nikiwa nimefumba macho, nilisikia alichosikia yeye. Sauti ya kwanza inaimba kushoto, na kanisa lake lipo kushoto tu. Besi anaunguruma kulia, na kanisa lake lipo kulia tu. Makanisa mawili membamba yamejengwa bega kwa bega.

Wengi tunatumia rivebu hii bila kuifungua tuone ndani kuna nini, kwa hiyo nieleze kidogo. Rivebu ya kawaida inabuni chumba kwa hesabu. Ya konvolusheni inaazima chumba ambacho kipo. Ukiingia kanisani ukapasua puto, unachorekodi baada ya ule mlipuko ni alama ya jengo lenyewe: ukuta huu umerudisha nini, dari imerudisha nini, baada ya muda gani, kwa nguvu kiasi gani. Alama hiyo ndiyo tunaiita impalsi. Kompyuta inachukua kila sampuli ya wimbo wako, yaani kila namba moja kati ya maelfu zinazoandika sauti kila sekunde, na kuichukulia kama puto dogo: kila moja inaanzisha mkia wake wa mwangwi, mkubwa au mdogo kulingana na sampuli yenyewe, kisha mikia yote inajumlishwa.

Sasa piga hesabu. Kwenye sauti ya sampuli 48,000 kwa sekunde, mkia wa sekunde 3 una namba 144,000. Kila sampuli inayotoka inadai kuzidisha mara 144,000, na sekunde moja ina sampuli 48,000. Hiyo ni karibu bilioni 7 kwa sekunde, kwa njia moja tu ya sauti. Ndiyo maana kwa muda mrefu jambo hili lilibaki kwenye maabara. Mwaka 1995 mtafiti William Gardner alichapisha namna ya kuukata mkia vipande, vifupi mwanzoni na virefu mbele, kila kipande kikikokotolewa kwa njia ya mkato ya Fourier, inayoigeuza sauti kuwa orodha ya milio yake ya chini na ya juu, hivyo sauti inatoka bila kuchelewa na prosesa haifi. Mwaka 1999 Sony wakatoa DRE-S777, sanduku zima la chuma kwa kazi hiyo. Miaka miwili baadaye Audio Ease wa Uholanzi wakatoa Altiverb, na kanisa likaingia kwenye kompyuta ya kawaida. Leo hata mimi wa Majengo ninalo.

Tatizo langu halikuwa kwenye hesabu hiyo, lilikuwa kwenye mabomba. Sauti inaingia kwenye plagini, ile programu ndogo inayotia rivebu, kwa milango miwili, kushoto na kulia, na inatoka kwa milango miwili. Swali ni mlango upi unaongea na upi.

Kuna jaribio ninalolifanya siku hizi kabla sijaamini rivebu yoyote. Nachukua mlio wa metronomu, ule wa tiki, naupeleka kushoto kabisa, nazima sauti kavu nibaki na mwangwi mtupu, nasikiliza. Majibu huwa ya namna tatu. Ikiwa mwangwi umejaa masikio yote mawili, na ukihamishia tiki kulia hakuna kinachobadilika hata kidogo, basi plagini imejumlisha kushoto na kulia ikapata mono, yaani sauti moja tu, kisha ikaipitisha kwenye impalsi mbili. Chumba kipana, lakini hakijui umesimama wapi. Ikiwa mwangwi upo kushoto tu na sikio la kulia kimya kama kaburi, basi umekutana na stoo ya mwalimu: kushoto kunaenda kushoto, kulia kunaenda kulia, hakuna kuvuka. Na ikiwa masikio yote yanapata mwangwi, lakini la kushoto linapata mapema kidogo na kwa nguvu zaidi, na ukihamisha tiki mambo yanageuka, hapo ndipo kuna jengo la kweli. Impalsi zake ni nne: kushoto kwenda kushoto, kushoto kwenda kulia, kulia kwenda kushoto, kulia kwenda kulia. Mimi naiita stereo kamili.

Kanisani hakuna ukuta kati ya masikio yako. Mama anayeimba sauti ya kwanza upande wa kushoto anapiga ukuta wa kulia vilevile, ila anachelewa. Zile njia mbili za kuvuka ndizo zinazobeba habari hiyo, na ndizo plagini yangu ilikuwa haina. Faili lile la bure lilikuwa na chaneli mbili tu, yaani impalsi mbili. Plagini ikafanya ilichoweza.

Ningeweza kutafuta faili lingine lenye chaneli nne. Lakini nilikuwa nimeshakasirishwa na lile kanisa la Ulaya kwa sababu nyingine. Mkia wake ni wa sekunde zaidi ya 6. Kwa muziki wa kinanda cha mabomba unaokwenda taratibu ni sawa. Kwa kwaya ya hapa kwetu, inayotaka maneno yasikike mpaka nje kwa wauza ndizi, beti la pili linaanza beti la kwanza halijamaliza kufa. Nikamwambia mwalimu nataka kwenda kurekodi alama ya kanisa lenyewe. Akanielekeza Machame, kwenye kanisa la Kilutheri la kuta za mawe, alikobatizwa yeye. Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, na sauti nne za kwaya zimekaa kwenye mlima huu wa Kilimanjaro miaka mingi. Nikaona inafaa.

Nilipanda Jumanne asubuhi na daladala, spika moja ya kuazima mapajani, begi la maiki mbili, laptopu, na puto za rangi kumi na mbili. Mtunza kanisa alikuwa anafagia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Una harusi leo? Mbona sina taarifa?"

"Hapana mzee, puto ni za kupasua."

Akaniangalia kwa muda, akaendelea kufagia. Nilipopasua la kwanza, aliacha ufagio.

Puto lina shida zake. Halilipuki sawasawa kila mara, na sauti za chini hazitoki vizuri, kwa hiyo besi wanaazima jengo lisilo na tumbo. Njia bora ni ile aliyoieleza mtafiti wa Italia, Angelo Farina, mwaka 2000: unapiga kwenye spika sauti moja inayopanda kutoka mngurumo hadi mluzi, unarekodi kanisa linavyoijibu, kisha kwa hesabu unaikunja ile safari yote irudi kuwa mlipuko mmoja. Nguvu yake imesambaa kwenye sekunde 20, kwa hiyo makelele madogo ya nje hayaiangushi, na ubovu wa spika yenyewe unajitenga na kwenda kukaa kabla ya mwanzo wa mlipuko, ambako unaukata.

Nikaweka maiki mbili benchi ya tatu, mita 2 kati yake. Spika nikaisimamisha wanaposimama sauti ya kwanza, nikapiga ule mluzi unaopanda. Hiyo ni impalsi mbili. Nikaihamisha mpaka wanaposimama besi, mita 4 upande wa pili, nikapiga tena. Hizo ni nne. Maiki hazikuguswa kabisa kati ya hapo. Ukizisogeza hata kidogo umebadilisha msikilizaji katikati ya wimbo.

Ilipofika saa nne jua likapanda, na bati likaanza. Kah. Kimya. Kah, kah. Bati likipata joto linanyooka, na kila linaponyooka linapiga mlio kama mtu anayevunja ukuni. Mtu anaweza kudhani mlio mmoja ndani ya sekunde 20 si kitu. Lakini ile hesabu inayokunja mluzi kuwa mlipuko, ikikutana na mlipuko inaukunjua: bati linageuka mluzi hafifu unaoshuka, na unakaa ndani ya mkia wa kanisa kama mzimu. Nilirudia mara tisa. Mtunza kanisa alikaa benchi ya nyuma akihesabu bati kwa vidole.

Kabla sijafungasha nikakumbuka jambo, nikaiweka spika katikati, pale anaposimama mwimbaji kiongozi, nikachukua na hapo. Ilikuwa bahati tu, lakini ndiyo iliyokuja kuniokoa.

Nyumbani nikaharibu kila kitu kwa mikono yangu. Mazoea ya studio ni kwamba faili likija unakata kimya cha mwanzo na kupandisha sauti mpaka igonge juu. Nikayafanya hayo kwa mafaili yote manne, moja moja, kwa unadhifu wa mtu anayepanga vyombo kabatini. Nikapakia. Jaribio la tiki likatoa mwangwi mnene, mzuri, uliojaa katikati. Nikahamisha tiki kulia. Katikati palepale.

Ilinichukua usiku mzima kuelewa. Sauti ya spika ya kushoto inafika maiki ya kushoto kwanza, kisha ya kulia. Tofauti ya sentimita 60 ni karibu milisekunde 1.7, kwa sababu sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 20. (Rafiki yangu wa Arusha anashikilia kwamba kwao sauti inakwenda taratibu kwa sababu ya mwinuko. Mwinuko hauna kosa, ni baridi yao.) Milisekunde 1.7 na tofauti ndogo ya nguvu ndizo zinazomwambia msikilizaji kwamba huyu yuko kushoto. Mimi nilikuwa nimekata mwanzo wa kila faili mpaka zote zianze pamoja, na nimezipandisha mpaka zote zilingane. Nikafuta habari yote niliyoibebea spika mapajani mpaka mlimani. Tangu siku hiyo mafaili manne ni ndugu wa tumbo moja: ukimkata mmoja sampuli 200, wote wanakatwa 200, ukimpandisha mmoja, wote wanapanda kwa kiasi kilekile.

Halafu mpangilio wa chaneli. Sitaki kuuzungumzia sana maana nikiukumbuka kichwa kinauma. Plagini moja inataka faili la chaneli nne kwa mpangilio huu, nyingine kwa mpangilio ule, ya tatu inataka mafaili mawili ya stereo, moja la spika ya kushoto na moja la ya kulia. Ukikosea njia za kuvuka tu, zikabadilishana, na jengo lenyewe pande zake zinafanana, hutagundua leo wala kesho. Rudi kwenye tiki. Sikiliza kila upande peke yake.

Kwenye prosesa niliogopa bure. Nilidhani njia nne zitakula mara mbili ya njia mbili, lakini sauti inayoingia inageuzwa kwa Fourier mara mbili tu, moja kwa kila mlango, na inayotoka inarudishwa mara mbili tu. Kilichoongezeka ni kule kuzidisha katikati. Feni ya laptopu ilipiga kelele kidogo, ikazoea.

Sasa yule mwimbaji kiongozi. Nilimpitisha kwenye stereo kamili pamoja na wenzake, akaanza kusikika kama amegawanyika. Ukifikiria unaona kwa nini. Mtu aliyewekwa katikati anaingia milango yote miwili sawasawa, kwa hiyo kanisa linamsikia anaimba kutoka kwenye ile spika ya kushoto na ile ya kulia kwa pamoja. Hayuko katikati. Yuko pembe mbili kwa wakati mmoja. Nikamtoa, nikampa ile impalsi ya katikati niliyoichukua mwishoni: mlango mmoja kuingia, miwili kutoka. Akatulia mahali pake. Kwa hiyo simsikilizi tena mtu anayesema stereo kamili ni bora siku zote. Sauti iliyotoka mahali pamoja inataka njia moja ya kuingia. Ila usijumlishe kinanda cha umeme chenye stereo yake kuwa mono bila kusikiliza kwanza, kuna milio humo inayopingana kushoto na kulia, ukiijumlisha inauana. Na kama unaijumlisha, shusha: sauti iliyo sawa pande zote mbili inapanda desibeli 6 (kipimo cha nguvu ya sauti) ghafla.

Jambo jingine lilinichekesha. Kanisa nililolirekodi lilikuwa tupu, na kanisa tupu linavuma kuliko lenye waumini, kwa kuwa watu na nguo zao wananywa sauti. Mwanafizikia Wallace Sabine, kule Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alianza kulipima hilo mwaka 1895, usiku, akihamisha mito ya viti kutoka ukumbi mmoja kwenda mwingine na saa mkononi. Mimi nina magodoro manne. Nilifupisha mkia kidogo kwa kuufifisha mwishoni, nikijaza mabenchi kwa kipanya.

Mwalimu alirudi Jumatano. Akavaa hedifoni, akafumba macho. Kwenye kiitikio cha kwanza mkono wake wa kushoto ukainuka wenyewe juu ya meza yangu, ukawaita sauti ya kwanza, halafu wa kulia ukawanyamazisha besi kidogo. Hakusema kitu mpaka mwisho.

"Stoo imebomolewa," akasema. "Haya, nitumie kwenye WhatsApp."

Akausikiliza palepale kwenye simu, spika moja chini ya kidole gumba. Akakunja uso.

"Kanisa limepungua."

Alikuwa sahihi tena, mzee huyu. Mwangwi wa kushoto na wa kulia haufanani, kwa hiyo simu ikivijumlisha, unapanda desibeli 3 tu, wakati sauti kavu ya katikati inapanda 6. Kanisa linabaki nyuma kwa desibeli 3. Nikatengeneza toleo la pili, mwangwi umeongezwa kiasi hicho, la kusambaza kwenye simu. Hilo ndilo lililokwenda kwenye kundi la kwaya, kwenye bajaji, kwenye misiba, kila mahali. Lile la stereo kamili tulilisikiliza watu wawili.

Watatu, kwa kweli. Desemba, watu wakipanda nyumbani kwa Krismasi, nilipita Machame na hedifoni nikamvalisha mtunza kanisa. Alisikiliza wimbo wote amesimama, ufagio mkononi, kichwa ameinamisha.

"Wameimbia wapi hawa?"

"Hapa, mzee. Ndilo kanisa hili hili, siku ile ya puto."

Akatikisa kichwa, akanirudishia hedifoni.

"Siyo hapa. Mbona bati halilii?"